Paswedi kwenye mafolda mnayoshea nyumbani: mwongozo kamili kwa nyumba yenye fremu mbele na familia nyuma

Nyumba nyingi za hapa Tanga siku hizi ziko hivi, uende Chumbageni, uende Makorora, uende Ngamiani kwenye zile barabara za namba: mbele kuna fremu ya stationari, fotokopi na kuprinti na kuscan na kumjazia mtu maombi ya kazi, nyuma ndo familia inaishi, na rauta ni moja tu inahudumia wote. Kompyuta ya fremu, laptopu ya baba, laptopu ya mtoto wa chuo aliyerudi likizo na simu za kila mtu, zote waifai moja. Mafaili yanashewa kwa sababu nani ana muda wa kuzunguka na flashi yenye virusi. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba siku folda iliposhewa fundi aliweka "Everyone" ili ikubali haraka aondoke, ikakubali, na tangu hapo vivuli vya vitambulisho vya NIDA vya wateja, hati ya kiwanja cha babu na picha za harusi vyote viko wazi kwa yeyote mwenye paswedi ya waifai, na paswedi ya waifai mtaa mzima wanayo.

Nitaelekeza kwa Windows 10 na 11 kwa sababu ndo ziko kwenye nyumba nyingi, Mac na Linux nitazigusa kidogo chini.

Kwanza elewa hili, la sivyo utahangaika bure

Windows haina paswedi ya folda. Utatafuta kwenye folda nzima, utabofya kulia, utaingia "Properties", utazunguka kila kichupo, huoni pa kuandika paswedi, kwa sababu hapapo. Paswedi ni ya mtu, yaani akaunti. Mtu akiigonga folda kutoka kompyuta nyingine, kompyuta yenye folda inamuuliza wewe nani na paswedi yako ipi, ikimjua inaangalia kama jina lake limeandikwa kwenye folda hiyo, na limeandikwa kwa kusoma tu au mpaka kubadilisha. Basi. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili tu, kutengeneza watu, halafu kuwaandika kwenye mafolda. Ukilishika hili mambo mengine yote yanajipanga.

Na zile programu za kudownload zinazojiita kufuli la folda, achana nazo kwa kazi hii. Nyingi zinafunga folda kwenye kompyuta yenyewe tu, ukishea kwenye netiweki zinaleta vituko, na ukisahau paswedi yao ndo umepoteza mafaili yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua kompyuta itakayokaa na mafolda

Moja tu, usitawanye. Mimi napendekeza isiwe ile ya fremu. Ile inaguswa na kila mtu, mteja anaichomekea flashi, kijana wa jirani anaomba atume CV, na aliyekaa kwenye kompyuta yenyewe na akaunti ya adimini anafungua kila kitu humo hata uweke ulinzi gani wa netiweki. Chukua laptopu ya zamani ambayo bado ina nguvu, iweke ndani, sebuleni au chumbani juu ya kabati ambapo watoto hawafiki. Laptopu ina faida nyingine kwetu: umeme ukikatika ina betri, na ukiongeza kile kiyupiesi kidogo cha rauta, fremu wakiwa na laptopu yao wanaendelea na kazi.

Ila laptopu ina tabia ya kulala. Ikilala, folda imepotea kwa wote, na utapigiwa simu uko sokoni unaambiwa "mtandao umekufa". Ingia "Settings", "System", halafu "Power", weka isilale kabisa ikiwa kwenye chaji. Na kwenye "Control Panel", "Power Options", kuna pa kuchagua kifuniko kikifungwa ifanye nini, weka "Do nothing".

Halafu ipe jina linaloeleweka. "Settings", "System", "About", "Rename this PC". Lisizidi herufi 15 na usiweke nafasi katikati. Hapa tuiite CHUMBAGENI. Itataka kuzimwa na kuwashwa, izime uiwashe.

Kama unaiweza rauta yako, ingia humo uifungie laptopu hii namba yake ya IP isibadilike, kwa mfano 192.168.1.20. Kwenye rauta nyingi iko sehemu ya DHCP. Si lazima, lakini siku jina likigoma kuonekana, namba itakuokoa.

Hatua ya 2: Iambie Windows kwamba hapa ni nyumbani

"Settings", "Network & internet", bofya waifai uliyounganishwa, kwenye "Properties" chagua "Private". Ikibaki "Public" Windows inadhani uko hotelini na inajificha. Upande wa pili, hiyo laptopu ukiibeba kwenda kukaa kwenye waifai ya mgahawa, huko iwe "Public", kila waifai ina chaguo lake.

Sasa tafuta "Advanced sharing settings". Kwenye Windows 11 iko "Network & internet", "Advanced network settings". Kwenye Windows 10 pitia "Control Panel", "Network and Sharing Center", upande wa kushoto "Change advanced sharing settings". Kwenye kundi la "Private" washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Shuka mpaka "All networks": "Public folder sharing" zima, na "Password protected sharing" washa.

Hiyo ya mwisho ndo mzizi. Kila ukimuuliza mtu kwa nini folda yake haimuulizi mtu paswedi, ukienda kuangalia unakuta hapa pamezimwa, kwa sababu video za mtandaoni za "shea kirahisi" zinaanza kwa kukwambia uzime.

Hakikisha pia akaunti ya mgeni imelala. Andika cmd kwenye pa kutafutia, bofya kulia, "Run as administrator", kwenye dirisha jeusi andika:

net user guest /active:no

Dirisha hilo usilifunge, tunalihitaji sasa hivi.

Hatua ya 3: Tengeneza watu

Mfano wetu una watu watatu: dukani, mzee, na watoto. Unaweza kumpa kila mtoto akaunti yake lakini kwa nyumba ya kawaida naona ni kujitesa. Wa fremu ndo ningewatenganisha kama wako wawili, maana mmoja akiondoka unamfunga yeye peke yake.

Kwenye dirisha jeusi:

net user dukani * /add

Ile nyota inaifanya iulize paswedi. Utaandika na hutaona kitu chochote kikitokea, hata vidoti hakuna, usiogope, inaandika. Enta, rudia tena, enta. Ukiweka ndefu kuliko herufi 14 inaweza kukuuliza kuhusu kompyuta za kabla ya Windows 2000, jibu Y uendelee. Fanya hivyo hivyo kwa mzee na watoto.

Sasa kuna mtego hapa ambao watu wengi hawaujui na unawapa fundi pesa za bure. Akaunti iliyotengenezwa kwa amri hii paswedi yake inaisha muda baada ya siku 42, ndo kawaida ya Windows usipoibadilisha. Yaani mwezi mmoja na kidogo kila kitu kinaenda vizuri, halafu asubuhi moja fremu haiingii, hakuna aliyegusa kitu, na watu wanaanza kuilaumu rauta. Maliza kabisa sasa hivi:

net accounts /maxpwage:unlimited

Kuhusu paswedi zenyewe. Usiiache tupu, kwa sababu Windows kwa kawaida inakataa akaunti isiyo na paswedi kuingia kupitia netiweki, utaona makosa usiyoyaelewa. Usiweke jina la mtoto na mwaka wake. Na usiweke Coastal1988, nawajua wagosi, ule mwaka Coastal Union yetu ilipobeba ubingwa wa ligi kila mtu Tanga anaujua na ndo atakayoanza nayo. Weka maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa na vistari na namba moja katikati, kwa herufi ndogo ili kwenye simu isikusumbue. Iandike kwenye daftari, daftari likae ndani. Mtu wa mtandaoni hawezi kufungua droo yako, kwa hiyo hili la "usiandike popote" nyumbani halina uzito sana, ila isibandikwe kwenye kioo cha kompyuta ya fremu, hapo umefanya kazi ya bure.

Hizi akaunti zitatokea pia kwenye skrini ya kuingilia ya laptopu. Hakuna neno, ni akaunti za kawaida, si za adimini. Usimpe mtu uadimini kwa kisingizio cha "ili ikubali".

Hatua ya 4: Mafolda

Usishee Desktop yako, usishee "Documents", usishee diski C nzima. Tengeneza folda mpya C:\Pamoja, ndani yake weka tatu: Fremu, Nyaraka, Picha. Utashea hizo tatu kila moja peke yake, ile ya juu Pamoja usiishee.

Amua nani anafanya nini kabla hujaanza kubofya. Mimi ningeamua hivi: Fremu, dukani na mzee wote wanaandika. Nyaraka ni mzee peke yake. Picha wote wanaona ila anayebadilisha ni mzee, maana watoto wakipewa ruhusa ya kufuta picha ya bibi, itafutika tu.

Sasa elewa kwamba kila folda ina ruhusa za aina mbili, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Kuna ruhusa za "Sharing" na kuna ruhusa za "Security". Chukulia geti la nje na mlango wa chumba. Anayetoka kwenye netiweki lazima apite kote kuwili, na pakali zaidi ndo panaamua: geti likisema ingia ubadilishe, mlango ukisema soma tu, basi utasoma tu. Aliyekaa kwenye laptopu yenyewe hapiti getini, yeye anakutana na mlango wa chumba peke yake. Ndo maana tunafunga kote.

Anza na geti. Bofya kulia folda Nyaraka, "Properties", kichupo cha "Sharing", bofya "Advanced Sharing". Kile kitufe cha "Share" cha juu yake kiache, kinaficha mambo mengi na kinaamua vingine bila kukuuliza. Weka tiki kwenye "Share this folder". Kwenye jina andika Nyaraka$ na hiyo alama ya dola mwishoni. Dola inaifanya isionekane mtu akifungua orodha ya mafolda, anayeijua ataandika mwenyewe. Kuficha si kufunga, lakini jicho lisiloona halitamani.

Bofya "Permissions". Utamkuta Everyone amekaa pale. Mteue, "Remove". Halafu "Add", andika mzee, bofya "Check Names", itabadilika kuwa CHUMBAGENI\mzee na mstari chini, "OK". Mpe "Change" na "Read". "Full Control" hana haja nayo, hiyo ni ya kubadilisha ruhusa zenyewe.

Sasa mlango wa chumba. Kichupo cha "Security", bofya "Advanced". Kwenye folda iliyotengenezwa hivi utakuta "Authenticated Users" wanaruhusiwa kubadilisha na "Users" wanaruhusiwa kusoma, wamerithi kutoka diski C. Hiyo maana yake yeyote mwenye akaunti kwenye laptopu hii, watoto wakiwemo, anaifungua. Bofya "Disable inheritance", itakuuliza, chagua ile ya kwanza ya "Convert", usichague ya kufuta zote utajifungia nje. Sasa mteue Authenticated Users, "Remove", Users, "Remove". SYSTEM na Administrators waache. Halafu "Add", "Select a principal", andika mzee, mpe "Modify". Kama wewe mwenyewe unatumia laptopu hiyo kwa akaunti yako nyingine, jiongeze hapo hapo. Halafu "OK" mpaka madirisha yaishe.

Rudia kwa Fremu na Picha. Kwenye Picha, mzee mpe kama kule Nyaraka, watoto na dukani getini wape "Read" peke yake na chumbani "Read & execute", na hizi mbili usiweke dola ili zionekane kwenye orodha.

Kuna safu inaitwa "Deny". Usiiguse. Utamkataza "Users" ukidhani unawakataza watoto kumbe na wewe ni mmoja wao, na "Deny" inashinda ruhusa. Usiyemtaka, usimwandike tu, inatosha.

Kama mafolda yako kwenye diski ya nje ya kuchomeka, angalia iko fomati gani. Ikiwa FAT32 au exFAT hutaona kabisa kichupo cha "Security", chumba hakina mlango, unabaki na geti peke yake. Diski ya kukaa na nyaraka za maana ifomatiwe NTFS, kwanza uhamishe vilivyomo, kufomati kunafuta.

Hatua ya 5: Kuingia kutoka kompyuta ya fremu

Fungua dirisha la mafaili, kwenye ule mstari wa juu wa anwani andika \\CHUMBAGENI kisha enta. Itauliza jina na paswedi. Jina andika kamili, CHUMBAGENI\dukani, usiandike dukani peke yake, kwa sababu kompyuta ya fremu inaweza kudhani unamaanisha dukani wa kwake yenyewe. Ile tiki ya kukumbuka paswedi, kwenye kompyuta ya fremu naiacha kwa uamuzi wako: ukiiweka, yeyote anayekaa pale anaingia. Kwa akaunti ya dukani inayoona folda za Fremu na Picha tu naona sawa. Kwa akaunti ya mzee pale fremu usithubutu.

Ukiona inaingia vizuri, bofya kulia folda, "Map network drive", ipe herufi, iwe inatokea kama diski kila asubuhi.

Simu ya Android, tafuta programu ya mafaili yenye sehemu ya LAN au SMB (ndo njia ambayo Windows inatumia kushea mafaili), nyingi za bure zipo, andika ile namba 192.168.1.20, jina na paswedi. VLC nayo inajua kufungua video kwenye folda iliyoshewa.

Hatua ya 6: Jaribu kama mwizi

Watu wanajaribu kama inafungua, wakiona inafungua wanafurahi wanaondoka. Kinyume chake. Jaribu kama inakataa. Ingia na dukani halafu andika \\CHUMBAGENI\Nyaraka$, lazima ikukatalie. Ingia na watoto ufute picha moja, lazima ikukatalie. Andika paswedi ya uongo. Hapo tu ndo utajua.

Utakutana na mambo haya kwenye majaribio:

Haikuulizi paswedi kabisa, inaingia tu. Usikimbilie kusema ulinzi haufanyi kazi. Windows kwanza inajaribu jina na paswedi uliyoingilia kwenye kompyuta yako, kwa hiyo kama fremu nako kuna akaunti inaitwa dukani yenye paswedi ile ile, itapita kimya kimya. Au ilishakumbuka paswedi ya zamani. Kwenye dirisha jeusi la kompyuta hiyo andika cmdkey /list uone imehifadhi nini, na cmdkey /delete:CHUMBAGENI kuifuta.

Inakwambia huwezi kuunganisha kwa majina mawili tofauti kwenye seva moja, kosa namba 1219. Ndo kawaida, Windows haikubali dukani na mzee kwa wakati mmoja kutoka kompyuta moja. Andika net use * /delete ukate zote, kisha ingia upya. Ukitaka zote mbili kwa haraka, moja ingia kwa jina \\CHUMBAGENI na nyingine kwa namba \\192.168.1.20, inadhani ni seva mbili.

Paswedi ni sahihi lakini inakataa. Hapa mara nyingi mtu anaandika PIN. Zile namba nne za kufungulia laptopu ni za laptopu hiyo hiyo tu, kwenye netiweki hazifanyi kazi. Na kama mtu anaingia laptopu yake kwa akaunti ya Microsoft, jina lake ni ile barua pepe na paswedi ni ya barua pepe hiyo. Ndo maana nimekwambia tengeneza akaunti za kawaida, zinakuepusha na hayo yote. Pia Windows 11 za karibuni ukikosea mara 10 zinaifunga akaunti kwa dakika 10, kwa hiyo ukiona imegoma hata kwa paswedi sahihi, kanywe chai urudi.

Printa ya zamani yenye kuscan moja kwa moja kwenye folda, au king'amuzi, au kompyuta ya Windows XP iliyoko kona, inakwambia haiwezi kuunganisha mpaka uwashe SMB1, yaani toleo la zamani la SMB. Usiiwashe. Ile SMB1 ndo mlango uliopitiwa na WannaCry Mei 2017, virusi vilivyofunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai pesa, na Microsoft wameiacha imezimwa kwenye Windows mpya tangu mwaka huo huo. Printa hiyo iscan kwenye flashi, au ichomeke kwa waya.

Mac na Linux, kwa ufupi

Mac: "System Settings", "General", "Sharing", washa "File Sharing", bofya kile kitufe cha i, ongeza folda na watu wake, na "Everyone" mweke "No Access". Kama watakaoingia wanatumia Windows, kwenye "Options" weka tiki kwenye SMB kwa akaunti husika.

Linux: weka Samba kwa sudo apt install samba, tengeneza mtu wa kawaida kwa adduser, halafu mpe paswedi ya Samba kwa sudo smbpasswd -a dukani. Kwenye /etc/samba/smb.conf, chini ya folda yako, andika valid users = dukani mzee na guest ok = no. Endesha testparm uone hukukosea maandishi, kisha sudo systemctl restart smbd. Paswedi ya Samba na ya kuingilia kompyuta ni vitu viwili, kubadilisha moja hakubadilishi nyingine.

Rauta

Badilisha paswedi ya kuingilia rauta yenyewe, ile ya admin iliyobandikwa chini, mteja yeyote aliyekaa karibu ameshaisoma. Waifai iwe WPA2 au WPA3. WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN bila paswedi, zima. Na wateja wape waifai ya wageni, rauta nyingi za sasa zinayo, inaitwa "Guest network", wanapata intaneti lakini hawazioni kompyuta zenu. Hii peke yake inaondoa nusu ya hatari.

Na ukitaka kufungua mafaili ukiwa Korogwe au Dar, asije mtu akakushauri ufungue porti 445, ndo mlango wa kushea mafaili, kwenye rauta. Hiyo ni kuiweka laptopu yako barabarani, programu za kutafuta porti hiyo zinazunguka intaneti usiku na mchana. Tumia VPN au weka faili hilo moja kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Ambavyo paswedi hii haifanyi

Haizuii laptopu kubebwa. Mwizi akiichukua, akatoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, ruhusa zote ulizoweka anazipita, kwa sababu mafaili hayajafichwa kwa msimbo. Dawa yake ni BitLocker kwenye Windows Pro, au "Device encryption" kwenye laptopu za Home zenye uwezo huo, na ule ufunguo wake wa akiba uuchapishe ukae mbali na laptopu.

Haizuii kufuta. Faili likifutwa kupitia netiweki haliendi kwenye "Recycle Bin", linaondoka moja kwa moja, na dada wa fremu akibofya vibaya ndo limekwenda. Na kirusi kikiingia kompyuta ya fremu kitafika kila folda ambayo dukani anaruhusiwa kuandika. Kwa hiyo bakapu ni lazima, diski ya nje, unachomeka mara moja kwa wiki, ukimaliza unachomoa. Ikibaki imechomekwa nayo itaambukizwa.

Kwa wenye fremu kuna na la sheria. Vile vivuli vya NIDA na vyeti vya watu ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Mteja akishachukua kopi yake, scan yake unaiweka ya nini? Ijumaa jioni kabla ya kufunga, folda ya Fremu isafishwe, kisichohitajika kiondoke.

Mtu akiondoka kazini

Usisubiri. Siku hiyo hiyo kwenye dirisha jeusi la laptopu ya ndani:

net user dukani /active:no

Kama kuna dirisha ameliacha wazi, linaweza kuendelea kufanya kazi mpaka muunganisho ukatike, kwa hiyo andika net session uone nani bado yumo, na net session /delete kuwatoa wote, wenye ruhusa watarudi wenyewe. Badilisha na paswedi ya waifai. Halafu andika net share uone orodha ya vyote vinavyoshewa. Zile zenye dola kama C$, ADMIN$ na IPC$ ni za Windows yenyewe, ziache. Ukikuta nyingine ambayo hukuiweka wewe, net share jina_lake /delete inaondoa ushea peke yake, mafaili yanabaki palepale. Akija mtu mpya, mtengenezee akaunti yake kwa jina lake, usimrithishe ya aliyeondoka.